Mkono wa mpanda farasi kwenye sarafu ya shaba

Wengi wanaoniletea sarafu za shaba za Warumi swali lao la kwanza ni, "Kichwa hiki ni cha nani?" Mimi huigeuza. Kwangu utamu uko upande wa pili.

Chukua ile iliyoanza kufuliwa mwaka 348, enzi za makaisari wawili ndugu, Constantius wa Pili na Constans. Imeandikwa FEL TEMP REPARATIO, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "kurejeshwa kwa nyakati za heri". Maneno hayo yalipewa picha kadhaa: kaisari merikebuni, Ushindi, mungu wa kike mwenye mabawa, akimshikia usukani, ndege finiksi anayezaliwa upya kutoka motoni, askari akimtoa mtu mdogo kibandani, chini ya mti. Iliyoenea kuliko zote ni ya askari akimchoma mkuki adui aliye juu ya farasi anayeanguka.

Itazame kwa lenzi. Farasi amekunja miguu ya mbele. Mpandaji amegeuka nyuma, mkono ameunyoosha kumwelekea askari. Anaomba ahurumiwe, au anajikinga? Wachongaji hawakufanana, na mimi huanza na mkono huo kabla ya kusoma herufi hata moja. Kwenye sarafu iliyochongwa vizuri, vidole vinahesabika.

Chini ya msitari ulio chini ya picha kuna herufi za mahali ilikofuliwa: TR ni Trier, ALE ni Alexandria. Picha ileile ilipita mikononi mwa watu kuanzia Galia (Ufaransa ya leo na jirani zake) hadi Misri, wakiwemo wasiojua kusoma. Askari, mkuki, adui chini: hapo hapahitaji Kilatini.

Heri yenyewe ilichelewa. Mwaka 350 Constans aliuawa katika uasi wa jemadari Magnentius, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea hadi 353. Sarafu nayo ikanywea. Zile kubwa za mwanzo zilikuwa na gramu 5 hivi, zikiwa na madini ya fedha kidogo ndani yake. Za miaka ya baadaye nyingi hazifiki hata gramu 3, na ahadi iliyoandikwa ni ileile.

Kuna moja hapa mezani, ya kijani kwa kutu, imezidi kidogo tu ukucha wa kidole gumba. Kipande cha shaba kilikuwa kidogo kuliko chapa iliyogongwa juu yake, kwa hiyo REPARATIO imekatika. Askari yumo mzima. Mkono wa mpanda farasi umefika ukingoni, vidole vimebaki nje.