Kamisheni aliyotia sahihi Lincoln: dhana potofu kuhusu Grant na cheo chake

Machi 9, 1864, mbele ya Baraza la Mawaziri, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln alimkabidhi Jenerali Ulysses S. Grant kamisheni, yaani hati ya cheo, ya luteni jenerali. Kisa hiki kimesimuliwa mno, na kila msimulizi hukitia chumvi yake.

Dhana: Rais akishatia sahihi, afisa amekabidhiwa jeshi.

Kamisheni humpa mtu cheo tu. Amri iliyomweka Grant juu ya majeshi yote ya Marekani ilikuwa hati nyingine, ya Machi 10, na Henry Halleck aliyekuwa akishika nafasi hiyo aliondolewa rasmi Machi 12.

Wala sahihi ya Rais haikutosha peke yake. Kwanza Bunge lilirudisha cheo chenyewe kwa sheria ya Februari 29, maana aliyewahi kukishika kikamilifu ni George Washington pekee, mwaka 1798; Winfield Scott alikuwa nacho kwa heshima tu. Kisha Seneti ikaridhia jina la Grant Machi 2. Ukuu wake katika cheo unahesabiwa kuanzia siku hiyo ya Machi 2, ingawa hati ilimfikia mkononi wiki moja baadaye.

Dhana: Alikabidhiwa mbele ya umati, akahutubia kishujaa.

Umati ulikuwepo usiku uliotangulia, kwenye tafrija ya Ikulu, ambako watu walisukumana mpaka Grant akapandishwa juu ya kochi ili aonekane. Kesho yake walikuwepo mawaziri, Halleck, Fred mtoto wa Grant na wengine wachache. Lincoln, akijua mgeni wake si mtu wa majukwaa, alikuwa amempa mapema nakala ya maneno atakayosema. Akamwomba pia ajibu kwa kuweka mambo mawili: neno la kutuliza wivu wa majenerali wengine, na neno la kuwafurahisha askari wa Jeshi la Potomac, jeshi kuu la serikali upande wa mashariki. Grant akatoa kipande cha karatasi alichoandika kwa penseli, akasoma kwa kubabaika, na yale mawili hayakuwemo hata moja! Mimi naona hapo unamjua mtu kuliko kwa kuisoma kamisheni yake.

Dhana: Alikuwa mwanajeshi tangu ujana, na vyeo vyote alipewa na Rais.

Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1843, akapigana Meksiko, lakini mwaka 1854 akajiuzulu akiwa kapteni. Akalima Missouri, akauza kuni St. Louis, akaishia kwenye duka la ngozi la familia huko Galena, Illinois. Vita vilipomrudisha jeshini mwaka 1861, kamisheni yake ya kanali wa Kikosi cha 21 cha Illinois ilitoka kwa gavana wa jimbo, Richard Yates. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa maafisa wa vikosi vya kujitolea hadi ngazi ya kanali. Majenerali ndio waliohitaji Rais.

Dhana: Sahihi iliyo kwenye hati lazima ni ya mkono wa Rais.

Kwa Lincoln, ndiyo: kwenye kamisheni aliandika jina lake lote, wakati barua za kawaida zilipata "A. Lincoln". Mrithi wake Andrew Johnson alikuwa na mkono ulioumia, hivyo kamisheni nyingi za wakati wake zina sahihi ya mhuri. Mkusanyaji wa hati za kale akiona wino umekaa sawasawa mno, asikimbilie kusema ni ya kughushi.

Dhana: Aliyeitwa jenerali alikuwa jenerali.

Si lazima. Vilikuwepo vyeo vya heshima, vyenye kamisheni na sahihi zake, ambavyo kwa kawaida havikubadilisha mshahara wala nafasi ya mtu kikosini. Vilitolewa kwa wingi mwishoni mwa vita. Vingi vina tarehe moja, Machi 13, 1865. George Custer alikuwa meja jenerali wa namna hiyo. Alipouawa kwenye mapigano ya Little Bighorn Juni 25, 1876, cheo chake halisi kilikuwa luteni kanali.