Usibofye Povu

Juzi tena. Namwonyesha mtu picha ya viwimbi vya mchanga, nusu dhahabu nusu bluu, naye hata hajaketi vizuri ananiambia: "Nzuri, ila hukusahihisha mizani ya weupe. Ungebofya tu hapo kwenye povu la mawimbi, rangi zote zingenyooka." Mizani ya weupe ni yale marekebisho ya picha yanayofanya kitu cheupe kionekane cheupe, mwanga uwe wa manjano au wa bluu.

Ushauri huu nimeusikia mara nyingi mpaka najua neno la mwisho kabla la kwanza halijatoka. Nimepewa na wanafunzi, nimepewa na wapiga picha za harusi, na siku moja nilipewa na mpita njia ufukweni, mimi nikiwa nimelala kifudifudi na mchanga umeniingia masikioni. Basi leo naandika, ili nikiambiwa tena niwe natuma kiungo tu.

Nakubali kwamba mantiki yake inavutia. Povu ni jeupe, mrija wa kudonolea rangi, ile alama unayobofya nayo kwenye programu ya kuhariri picha, hutafuta kitu kisicho na rangi, kwa hiyo donoa povu, kazi imekwisha. Ni kweli povu ni jeupe, kwa kuwa viputo vyake hutawanya mwanga wa kila rangi bila kubagua. Lakini kitu kisichobagua huvaa rangi ya mwanga wowote unaokipiga, kama shuka jeupe lililoanikwa. Ukidonoa povu hujapima weupe wa picha. Umepima mwanga ulioangukia pale ulipodonoa, basi. Na ufukweni asubuhi mianga ni miwili.

Jua likiwa bado chini, mwanga wake uko kwenye kelvini 3000 hivi (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga). Kivulini hakuna jua, kuna anga, na anga likiwa safi linafika 10,000 na kupita. Mchana wa kawaida ni kama 5500. (Ndiyo, namba kubwa ni mwanga wa bluu, ilhali ukisogeza kitelezi kwenda namba kubwa picha inaelekea manjano. Unaiambia programu kwamba mwanga ulikuwa wa bluu, nayo inafidia. Sote tulichanganyikiwa hapo. Tuendelee.)

Kwenye picha ya ufukwe mzima unaweza kuupuuza ugomvi huu. Bahari kule, miti huku, jicho linasamehe. Kwenye picha za karibu huwezi, kwa sababu ugomvi wenyewe ndio picha. Chukua kiwimbi kimoja cha mchanga baada ya maji kupwa, upana wake vidole vitatu. Upande unaolitazama jua una rangi ya asali. Ubavu wa pili, sentimita mbili tu kutoka hapo, haulioni jua kabisa. Unaona anga, na kwa kuwa mchanga umelowa unang'aa kama kioo na kukurudishia bluu ile ile. Bondeni pamebaki utando wa maji na mstari wa punje nyeusi. Sasa niambie, weupe uko wapi hapo?

Yule bwana nilimketisha mbele ya kompyuta. Tukadonoa povu lililo juani, programu ikasoma 3900. Tukadonoa povu lile lile, ncha yake iliyoingia kivulini, ikasoma 9200. Kwa jibu la kwanza mchanga wa juani ukawa kijivu kama saruji na vivuli vikawa wino. Kwa jibu la pili vivuli vikatulia, lakini sehemu ya juani ikawa kama mtu amemwagia juisi ya machungwa. "Basi chukua wastani," akasema. Wastani ni 6550. Tukaujaribu. Ukatoa mchanga wa manjano uliochoka, rangi ambayo sijapata kuiona ufukweni saa yoyote ya siku. Picha niliyomwonyesha mwanzo ilikuwa kwenye 5200, namba ambayo haikutoka kwenye povu wala kwenye hesabu.

Na povu lenyewe lina hila zake. Juani mara nyingi limeshaungua kwa mwanga kuzidi: chaneli zote tatu, nyekundu, kijani na bluu, zimegonga ukutani, na pikseli iliyoungua haina habari yoyote ya kukupa kuhusu rangi. Likiwa jembamba, mchanga wa chini unapenyeza hudhurungi yake. Sogea karibu zaidi na kila kiputo ni kioo chenye anga zima ndani, pengine na upinde wa rangi juu yake kama sabuni. Unadonoa nini hasa hapo? Mimi nimewahi kudonoa pikseli mbili zilizokaa jirani nikapata picha mbili zisizofanana.

Kuna wengine wanaosema, "Mimi sigusi kitu, naacha vile kamera ilivyoona." Kamera haikuona. Sensa imehesabu mwanga kupitia vichujio vyekundu, kijani na bluu, kijani vikiwa mara mbili ya wenzake, kisha mizani ya weupe ikazidisha nyekundu na bluu kwa kiasi fulani. Kiasi hicho lazima mtu akichague, na usipokichagua wewe kinachaguliwa na mizani ya otomatiki, ambayo inakisia. Ijazie fremu mchanga wa dhahabu mtupu, bila anga wala maji, na mara nyingi itadhani mwanga ndio wa dhahabu, iupoze, ikukabidhi saruji. Ukisogea hatua moja bahari ikaingia pembeni, inakisia upya. Ndiyo maana picha kumi za dakika tano zinatoka kama za fukwe kumi. Mimi nafunga 5500, napiga faili ghafi la RAW, uamuzi naufanya nyumbani. Ukipiga JPEG uamuzi umeshapikwa ndani na nafasi ya kurudi nyuma ni finyu.

Mwangaza niuseme haraka: mchanga mweupe huidanganya kamera, ongeza stopu moja hivi (yaani mwanga mara mbili), na tazama histogramu, ile grafu ya mwanga, ya nyekundu peke yake, maana jua la asubuhi huichoma hiyo kwanza.

Jambo ambalo sisikii mtu akilitaja ni mwili wako mwenyewe. Unainama juu ya kombe, kichwa kinalikinga jua, na ghafla kombe lote linaangaziwa na anga tu. Halafu unashangaa mbona bluu. Si kamera, ni kichwa chako. Na nguo je? Nilikaa wiki nzima nikijisifia picha ya kombe lililofunuka, ndani yake kuna uwaridi laini ajabu, unaofifia kuelekea ukingoni. Nilisahihisha magenta, nikairudisha, nikaandika hata maelezo kuhusu lulumizi, ule utando unaong'aa ndani ya kombe, na jinsi tabaka zake zinavyochezesha mwanga. Jambo hilo ni kweli, rangi ya lulumizi hubadilika ukibadilisha pembe. Kisha nikaikuta fremu nyingine ya kombe lile lile niliyoipiga nikiwa nimesimama mbali: jeupe pe. Uwaridi ule ulikuwa fulana yangu nyekundu. Siku hizi navaa kijivu, na watu wananiuliza kama nimefiwa.

Polaraiza, kichujio cha kuzungusha mbele ya lenzi ili kupunguza mng'ao, nayo inachanganya wengi. Ukiizungusha, mng'ao wa mchanga uliolowa unaondoka, na bluu ya anga inaondoka nao, kwa sababu bluu ile ilikuwa imekaa juu ya mng'ao, haikuwa ndani ya mchanga. Mtu anaona hudhurungi, anakimbilia kitelezi cha kelvini kufidia kitu ambacho kelvini haikukiharibu. Inafanya kazi zaidi ukitazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukielekeza lenzi chini wima, ambavyo ndivyo tunavyopiga nusu ya picha hizi, haifanyi karibu chochote. Kwa mwani na vijiwe vilivyo chini ya maji ni neema. Kwa viwimbi naizungusha mpaka mng'ao upungue nusu, nikitosheka naiacha. Mara nyingi naivua kabisa.

Utaniuliza, kwa nini nisitumie kadi ya kijivu, ile ya kupimia mizani? Natumia, kwa kazi ya makombe ya makumbusho ambako rangi ya kitu ndiyo inayotafutwa. Ufukweni kadi ina tatizo lile lile la povu: ielekeze juani inakupa jibu moja, igeuzie anga inakupa lingine. Programu zinaruhusu pia kupaka mizani tofauti juani na kivulini. Hilo nalifanya, ila kwa mkono mwepesi. Ukiondoa bluu yote vivulini, kiwimbi kinalala bapa, kwa sababu umbo lake jicho lilikuwa linalisoma kwa tofauti ile ya rangi kuliko hata kwa giza na nuru.

Sasa yule bwana alikuwa na swali moja zuri, na sikumjibu vizuri. Aliuliza: kama povu si shahidi, shahidi wako wewe ni nani? Nilimwambia ni macho yangu, nilikuwepo. Lakini macho huzoea. Kaa dakika kadhaa kwenye mwanga wa manjano na ubongo unauita mweupe. Pale ufukweni huenda sikuiona bluu hiyo kwa nguvu ninayoikumbuka. Mezani nako nikitazama skrini kwa muda mrefu naanza kuiamini rangi yoyote iliyopo, ndiyo maana hufunga picha na kuirudia kesho yake, na kesho yake kitelezi husogea. Faili la viwimbi vile lina matoleo matatu kwenye diski yangu: 4900, 5200 na 5600. La 5200 ndilo nililolichapisha na kulitetea mbele ya yule bwana kwa saa nzima. Wiki hii nalipenda la 4900.