Je, wajua kwa nini kukumbatia magoti huondoa gesi tumboni?

Umekula maharage usiku, tumbo limejaa gesi na mkanda unabana. Mwalimu wa yoga atakwambia ulale chali, ukumbatie magoti. Wahindi wanauita mkao huo pawanmuktasana, lakini akina mama wanaujua bila somo: mtoto mchanga akilia kwa msokoto, hukunjwa miguu taratibu hadi tumboni mpaka ajambe.

Gesi yenyewe inatoka wapi? Nyingine ni hewa tunayomeza tukila kwa pupa. Nyingine inatengenezwa humo humo. Maharage yana sukari, kama rafinosi, ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima. Huko bakteria huzichachusha, ndipo inapotoka haidrojeni, kaboni dioksidi na, kwa baadhi ya watu, methani.

Mapaja yakibana tumbo, gesi husukumwa. Ila siri kubwa, nionavyo, iko mlangoni. Kuna msuli uliozunguka mwisho wa utumbo mfano wa kitanzi. Ukisimama au kulala umenyooka, msuli huo huuvuta utumbo mbele na kuweka kona. Ukikunja nyonga, kona ile hulegea. Ndiyo maana kuchuchumaa chooni hurahisisha haja.

Lala kwenye mkeka, chakula kikiwa kimeshatulia. Ukitoa pumzi, vuta goti la kulia kifuani kwa mikono miwili, tulia kwa pumzi tano hivi, ushushe. Kisha la kushoto, kisha yote mawili. Walimu wengi huanza na la kulia kwa kuwa utumbo mpana hupanda upande huo na kushukia kushoto. Usikaze shingo wala tumbo. Na afadhali uwe peke yako, maana dawa ikikubali itasikika!

Usibaki umelala, lakini. Watafiti wa Barcelona walionyesha mwaka 2003 kwamba gesi hupita utumboni haraka zaidi mtu akiwa wima kuliko akiwa chali. Kwa hiyo inuka, zunguka uani kidogo.

Mjamzito, mwenye ngiri au aliyetoka kupasuliwa tumbo asijaribu kabla ya kumuuliza daktari. Na tumbo likivimba huku hupati choo wala hujambi, au maumivu yakija na homa, kutapika au damu kwenye choo, achana na mkeka, wahi hospitali.