Mzio wa bia: nafaka huenda ndiyo chanzo

Katika vilabu vya Mbeya na Iringa, mnywaji anapotokwa ghafla na vipele vya kuwasha au kuvimba midomo na kope, wenzake huwahi kusema kwamba amewekewa kitu. Shayiri haitajwi, ingawa mzio wa bia, ambao hutokea kwa nadra lakini unaweza kuua, mara nyingi husababishwa na protini za nafaka wala si kileo chenyewe.

Shayiri huloweshwa hadi ichipue, hukaushwa iwe kimea, kisha maji yake huchemshwa pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuchachushwa kwa hamira. Hata hivyo, baadhi ya protini zake hustahimili moto huo wote na kufika kwenye glasi, na mwili uliokwisha kujenga kingamwili dhidi yake humwaga histamini inayoleta muwasho na uvimbe. Ndiyo maana kubadili aina ya bia husaidia mara chache, kwa kuwa bia nyingi za kiwandani hutumia kimea hichohicho, sawa na vile vinywaji vya kimea visivyo na kileo ambavyo tunawapa hata watoto. Komoni, inayopikwa kwa mahindi na kimea cha ulezi, haina shayiri. Lakini mahindi nayo yana protini ya jamii hiyo, kwa hiyo simshauri mwenye mzio aijaribu kabla ya kupimwa.

Sauti ikikwama, pumzi ikibana, au mtu akipata kizunguzungu na kutapika mfululizo, hiyo ni dharura. Mlazeni na kuinua miguu yake, au mketisheni ikiwa anahema kwa shida, na msimtembeze. Kwa walio mbali, kama vijiji vya Makete na Ludewa, tafuteni gari badala ya pikipiki, kwa sababu anaweza kuzirai njiani. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja. Kidonge cha setirizini hupunguza muwasho tu, na maziwa ya "kuvunja sumu" yanapoteza muda. Hata akipata nafuu abaki kituoni kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi.

Nendeni na chupa yenye lebo, na mweleze daktari kila kilichokuwa mezani, zikiwemo karanga na samaki, ili apate kupima kila kimoja kwa zamu yake.