Kwa nini hamu ya kula huwa kali jioni kuliko asubuhi?

Ukifikiria vizuri, jambo hili ni la ajabu. Mtu aliyelala usiku kucha amekaa saa nane hadi kumi bila kutia kitu mdomoni. Alipaswa kuamka na njaa kali kuliko ya wakati mwingine wowote. Lakini wengi huamka hata hawakitaki chakula, halafu saa mbili usiku, mlo wa jioni ukiwa bado haujashuka tumboni, wanajikuta wamesimama mbele ya friji, mlango wazi, macho yanapita rafu moja hadi nyingine. Kwa anayejaribu kupunguza uzito, hapo ndipo jitihada za siku nzima huharibika. Kisha hujilaumu kwamba hana msimamo. Lawama hiyo si ya haki.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, Frank Scheer na wenzake, walitoa jibu la sehemu ya fumbo hili. Waliwaweka watu wazima 12 wenye afya njema kwenye maabara kwa siku 13, wakapanga kulala, kuamka na kula kwao kuangukie nyakati zote za saa ya ndani ya mwili, yaani mpangilio wa mwili unaojirudia kila siku, kwa uwiano sawa. Kwa njia hiyo waliweza kuitenga saa yenyewe na athari za chakula na usingizi. Walichokiona ni kwamba njaa hushuka kabisa karibu saa mbili asubuhi na kufika kileleni karibu saa mbili usiku, hata kama mtu hajabadilisha anachokula. Hamu ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga ilifuata mkondo huohuo. Kwa hiyo mwili wenyewe una ratiba, na jioni ndiyo zamu ya njaa.

Sasa juu ya ratiba hiyo, anayejinyima huongeza mzigo wake mwenyewe. Anaruka kifungua kinywa kwa sababu asubuhi ni rahisi kukiruka. Mchana anakula kidogo, anajisifu. Ikifika jioni mwili unadai deni la siku nzima, na unalidai saa ileile ambayo njaa ingepanda hata bila deni. Hapo nia njema peke yake haifui dafu, hasa kwa mtu aliyechoka na kazi.

Homoni nazo zina neno. Ghrelini, ambayo hutoka zaidi tumboni na kuuambia ubongo kwamba ni wakati wa kula, hupanda kabla ya nyakati ambazo mtu amezoea kula. Mwili hujifunza. Ukila kitu saa nne usiku kila siku, baada ya muda saa nne ikikaribia utasikia njaa, iwe unahitaji chakula au huhitaji. Lakini kuna habari njema hapa ambayo watu wengi hawaijui: ghrelini ikipanda na usile, haiendelei kupanda bila kikomo. Hushuka yenyewe. Ndiyo maana hamu iliyokushika kwa nguvu inaweza kupungua ukipata la kufanya kwa muda mfupi, na ukija kukumbuka unaona haipo.

Leptini hufanya kinyume: hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuashiria kwamba akiba ipo. Uzito ukipungua, leptini hupungua pia, na njaa huongezeka. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa wiki 10 za mlo mdogo sana. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi kama zamani. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu huambiwa kwamba wakivumilia wiki mbili tatu za mwanzo, njaa itazoea. Kwa wengi haizoei haraka hivyo, na mpango wowote wa kupunguza uzito unaodhani itazoea utamwangusha mtu.

Usingizi mchache huchochea moto. Katika utafiti wa mwaka 2004, vijana 12 wa kiume walipewa muda wa saa nne tu za kulala kila usiku, kwa siku mbili mfululizo. Leptini yao ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28.

Kwa hiyo jioni hutengenezwa mchana. Kula kifungua kinywa cha kweli, chenye protini kama mayai au maharage, na mlo wa mchana wenye nyuzinyuzi za kutosha, hata kama hujihisi na njaa sana wakati huo. Kalori ulizopanga kwa siku zisogeze kwenye asubuhi na mchana, badala ya kuzilundika usiku. Pakiti za vitu vya kutafuna zisikae pale unapokaa jioni, maana jicho likiona, mdomo hudai. Na hamu ikija, jiulize kama ungekula chakula cha kawaida kabisa, mathalani yai la kuchemsha. Ukisema ndiyo, una njaa. Basi kula, kwa sahani, umekaa. Ukikuta unataka biskuti tu, hiyo ni hamu, na unaweza kuipa nafasi ipite. Kupiga marufuku kitu ukipendacho moja kwa moja siushauri. Kiasi kidogo kilichopangwa baada ya mlo kina madhara machache kuliko pakiti nzima inayoliwa kwa hasira ya kujinyima.

Wapo ambao maelezo haya hayawatoshi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari, akipata njaa ya ghafla pamoja na kutetemeka na jasho, asijizuie: apime sukari mara moja, na ikiwa imeshuka, au kama hana kipimo, ale au anywe kitu chenye sukari. Na mtu anayeamka usiku mara kwa mara kwenda kula, au anayekula sehemu kubwa ya chakula chake cha siku baada ya mlo wa jioni, huenda ana tatizo la kula usiku, ambalo daktari Albert Stunkard wa Marekani alilieleza mwaka 1955. Hilo lina matibabu, na la kufanya ni kumwona daktari, si kuongeza kujinyima.