Kiungo cha mkanda wa tumbo la farasi: ni nini, na unakichaguaje?

Tandiko la farasi hushikwa na mkanda mpana unaopita chini ya kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Tunauita mkanda wa tumbo, ingawa kwa kweli hauligusi tumbo lenyewe. Matandiko mengi ya mtindo wa Kiingereza yana vijikanda vitatu vyenye matundu kila upande, na ncha za mkanda zina bizimu mbili mbili. Kwa kawaida vijikanda viwili huingia kwenye bizimu na cha tatu hubaki cha akiba.

Sasa fika Mufindi, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa Mei. Mvua zilianza Novemba, majani yamejaa hadi kando ya mashamba ya chai, farasi amekula na kupumzika. Unamtandika, unavuta mkanda, na bizimu haifiki hata tundu la kwanza. Hapo ndipo penye kazi ya kiungo. Ni kipande kifupi cha ngozi au nailoni chenye bizimu upande mmoja na vijikanda vyenye matundu upande wa pili. Kinakaa kati ya mkanda na tandiko, na mkanda uleule unafika. Kinamfaa pia farasi kijana ambaye kifua chake bado kinapanuka.

Wengi hukitazama urefu tu wanapokichagua. Mimi naanza na mahali bizimu zitakapokaa, kwa sababu kiungo kinaongeza chuma kingine ubavuni. Niliwahi kumkuta jike wetu amenyonyoka manyoya nyuma ya kiwiko, ngozi nyekundu, pana kama sarafu. Nilikuwa nimefunga kiungo upande mmoja tu, bizimu ya mkanda ikashuka hadi pale mguu unapojikunja. Kila hatua ilikuwa inamsugua, naye hakuwa na namna ya kuniambia. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda, napitisha vidole pale pote.

Halafu angalia ushonaji. Fundi viatu anaweza kukutengenezea kiungo kwa utepe wa mkanda wa gari, na utepe huo ni imara kweli. Kinachoachia ni uzi. Mwagize uzi wa nailoni na mistari miwili au zaidi, na upana wa vijikanda ulingane na bizimu ulizonazo. Cha ngozi kikaushwe kivulini kila kinapolowa; ukungu wa Juni na Julai huku juu hauachi ngozi salama.

Ukishafunga, mnyanyue farasi mguu wa mbele, uuvute taratibu mbele ili ngozi iliyojikunja chini ya mkanda inyooke. Mtembeze dakika chache, kisha kaza tena, maana farasi wengi huvimbisha kifua wanapofungwa.

Kuna tatizo moja ambalo kiungo hakiliondoi. Farasi akinenepa, mara nyingi hata mgongo na mabega hupanuka, na tandiko lililomtosha Oktoba linaanza kumbana. Ukilivua baada ya safari, tazama jasho. Mgongo ukiwa umelowa wote isipokuwa madoa mawili makavu karibu na mabega, shaka yako ihamie kwenye tandiko, na usimpande tena nalo kabla halijakaguliwa.