Matofali ya Plastiki ya Kuchezea na Vumbi: Maswali na Majibu kwa Wazazi na Walezi

Je, vumbi lililokaa kwenye matofali ya plastiki ya kuchezea, yale ambayo wengi huyaita lego, linaweza kumdhuru mtoto?

Linaweza, ingawa si kwa kiasi cha kumtia mzazi hofu. Vumbi la ndani ya nyumba si udongo peke yake: lina nyuzi za nguo, chembe za ngozi zinazopukutika mwilini, chavua, mabaki ya mende, na kinyesi cha utitiri wa vumbi, kiumbe mwenye urefu wa takribani milimita 0.3 ambaye hula chembe hizo za ngozi na hujipatia maji kutokana na unyevu wa hewani. Kwa mtoto mwenye pumu au mzio, kinyesi hicho na mabaki ya mende vinaweza kumfanya apige chafya mfululizo, awashwe macho au abanwe kifua. Nyumba ikiwa na rangi ya zamani yenye risasi, madini yenye sumu, rangi inayobanduka ukutani nayo huingia katika vumbi hilo, na mtoto mdogo hulimeza kwa sababu kila anachokishika hukipeleka mdomoni, na asipokipeleka chenyewe hunyonya vidole alivyokishikia.

Hata hivyo, plastiki ngumu si makazi ya utitiri kama yalivyo godoro, mto, zulia na midoli ya manyoya. Mtoto akikohoa usiku na kuamka amevimba macho, mzazi aanze na kitanda chake, kisha ndipo ageukie kapu la matofali. Ninalisisitiza hili kwa kuwa wapo wanaotumia siku nzima kusugua vichezeo huku mto wa mtoto haujaanikwa wala foronya yake kufuliwa kwa muda mrefu.

Kwa nini matofali haya hushika vumbi upesi kuliko vitu vingine?

Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo inaposuguliwa hubaki na umemetuli unaovuta chembe nyepesi na kuzing'ang'aniza. Hali hiyo huwa kali zaidi hewa inapokuwa kavu, kama ilivyo Dodoma wakati wa kiangazi. Mahali penye unyevu mwingi, kwa mfano Tanga, Mombasa au Unguja, umemetuli hupungua, lakini vumbi huchanganyika na jasho, mafuta ya mikono na juisi iliyomwagika, likawa utando unaonata ambao kitambaa kikavu hakiuondoi. Umbo la tofali nalo huchangia: vinundu vya juu vina vijia kati yake, na upande wa chini ni mashimo matupu ambayo jicho haliyaoni mpaka tofali ligeuzwe.

Niyaosheje?

Kwanza yatenganishe yote, kwa sababu matofali mawili yaliyoshikana huficha uchafu katikati na baadaye huficha maji. Weka kando vipande vyenye betri, mota au taa, pamoja na vile vyenye stika, kwani hivyo hupanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Magurudumu yenye vyuma ndani yake nayo yasilowekwe, yatapata kutu.

Yaliyobaki yatie katika karai la maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 40, ambayo mkono huyastahimili bila shida, pamoja na sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo. Yaache yaloweke, kisha uyachanganye kwa mkono. Yenye utando sugu yasuguliwe kwa mswaki laini, na upande wa chini ndio upewe muda zaidi: ukilipindua tofali lililochezewa kwa miezi kadhaa utaona duara la kijivu limejipanga kuzunguka kila kishimo, na ncha ya mswaki ndiyo pekee inayolifikia. Kwa vipande vidogo, mfuko wa wavu unaouziwa vitunguu, ukiwa umeoshwa vizuri, hufaa sana, kwa kuwa unavitumbukiza na kuviinua vyote kwa pamoja bila kimoja kupotelea kwenye shimo la maji machafu. Suuza kwa maji safi mpaka povu liishe. Wakati wote huo, mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu na karai au ndoo yenye maji, hata kwa dakika moja.

Kukausha ndiko kunakoharibiwa na wengi. Kung'uta kila fungu la matofali ili maji yaliyonasa ndani yatoke, yatandaze juu ya taulo safi yasipandane, kivulini penye upepo, na baada ya saa kadhaa uyageuze. Ukanda wa pwani yaachwe hadi kesho yake, au zaidi wakati wa masika. Yakirudishwa kwenye boksi yakiwa na unyevu, ukungu huota ndani ya mashimo, na vijimbegu vya ukungu ni kichocheo kingine cha pumu. Hapo utakuwa umeondoa vumbi na kuleta kitu kibaya zaidi.

Nimesikia kuwa utitiri hufa kwa maji ya nyuzi joto 60. Kwa nini nisiyatumie kwenye matofali?

Ushauri huo unahusu mashuka na foronya, ambamo utitiri wanaishi. Kwenye matofali hatuui wadudu, tunaondoa uchafu walioacha, na kazi hiyo hufanywa na sabuni na maji. Kampuni ya LEGO ya Denmark, iliyosajili hataza (haki ya uvumbuzi) ya tofali lake la sasa mwaka 1958, inashauri yaoshwe kwa mkono kwa maji yasiyozidi nyuzi 40, na inakataza mashine ya kufulia, mashine ya kuoshea vyombo, oveni na kikausha nywele. Joto hupinda plastiki, na tofali lililopinda halishiki vizuri. Jua kali nalo hufifisha rangi na kuifanya plastiki nyeupe iwe ya njano.

Je, nitumie jik, yaani dawa ya klorini?

Kwa vumbi la kawaida, hapana. Mtoto akiwa na kuhara au kutapika, hasa panapochezea watoto wengi, ipo sababu, kwa kuwa virusi kama rota hudumu siku kadhaa juu ya vitu vigumu. Osha kwanza kwa sabuni, maana klorini hupoteza nguvu penye uchafu. Dawa yenye klorini ya asilimia 3.5 ikichanganywa mililita 30 kwa lita 1 ya maji hutoa mchanganyiko wa takribani asilimia 0.1. Loweka kwa dakika chache, suuza sana, kisha anika. Usiichanganye kamwe na siki wala na dawa yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi inayounguza mapafu.

Na maumbo yaliyokwisha kujengwa kwa matofali na kuwekwa kabatini?

Tumia brashi laini ya kupakia rangi, ukifuatisha kitambaa chenye unyevu. Manyoya ya kupangusia hurusha vumbi hewani, nalo hutua tena palepale. Mwenye pumu asifanye kazi hii, na kama hana budi, avae barakoa na afungue madirisha.

Nitayahifadhi vipi yasishike vumbi tena?

Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana linatosha. Wakati wa kucheza, tandika kanga au shuka kuukuu sakafuni. Mchezo ukiisha, kusanya pembe zake nne, mimina matofali ndani ya boksi, na kitambaa kiende kufuliwa. Chumba kipigwe deki kwa tambara lenye maji badala ya kufagiwa kikavu, na mtoto anawe mikono kabla na baada ya mchezo.

Matofali ya mitumba ni salama?

Mengi ni salama baada ya kuoshwa, lakini ya zamani sana yanahitaji uangalifu. Mwaka 2018 mtafiti Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha matokeo ya kupima vichezeo 200 vya plastiki vilivyokwisha kutumika, na akakuta vingine, hasa vya rangi nyekundu, njano na nyeusi, vina madini yenye sumu kama kadmiamu na risasi. Madini hayo yamo ndani ya plastiki yenyewe, hivyo kuosha hakuyaondoi. Matofali yaliyopauka, kumeguka au kuacha unga mkononi yasipewe mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni. Hata yaliyo mapya, yale madogo hayamfai mtoto wa chini ya miaka 3 kwa sababu yanaweza kumkaba koo, kwa hiyo baada ya kuosha okota vilivyodondoka chini ya meza na kochi kabla hajafika hapo akitambaa.